Karani wa Beethoven

  

Leo nataka kusema nanyi juu ya mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwa mkubwa, bali aliishi karibu na mtu mkubwa. Watu wa namna hiyo wako kila mahali. Penye mwimbaji mashuhuri yuko kijana ambebeaye ngoma yake. Penye mtawala yuko karani. Penye mzee mwenye maarifa yuko mjukuu akaaye miguuni pake jioni, akichochea moto na kusikiliza. Mkubwa awapo hai, mdogo huyo hatazamwi. Lakini mkubwa akifa mambo hugeuka. Watu hawawezi tena kumwuliza aliyelala kaburini, basi humwendea yule aliyekuwa karibu naye, wakamwambia, "Wewe ulikaa naye. Alikuwaje? Alisema nini? Wimbo ule aliutunga kwa sababu gani?" Hapo mdogo hupata uwezo ambao hakuwa nao jana. Aweza kusema kweli. Aweza kuongeza, aweza kupunguza. Na ni nani atakayemkanusha?

Mtu nitakayewasimulia habari zake aliitwa Anton Schindler, na mkubwa wake alikuwa Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki. Beethoven alizaliwa katika mji wa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake katika mji wa Vienna, Austria. Wengi wenu mmesikia muziki wake pasipo kujua jina lake, maana mpaka leo hupigwa katika nchi zote za dunia, na sauti moja katika Simfoni yake ya Tisa imetiwa maneno ya nyimbo za makanisa mengi.

Jambo la ajabu katika maisha ya Beethoven ni hili, ya kuwa mtunzi huyu alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 28 masikio yake yalianza kuharibika, na mwaka hata mwaka yalizidi kufifia. Aliendelea kutunga, kwa kuwa muziki aliusikia moyoni mwake, lakini kusema na watu kukawa taabu kubwa. Hata mwaka 1818 akaanza kutumia madaftari madogo. Mgeni akija alipewa daftari na penseli, akaandika swali lake au habari zake. Beethoven akasoma, kisha akajibu kwa mdomo. Fikirini jambo hilo, maana ndilo kiini cha habari yetu. Katika madaftari hayo maneno ya wageni yamo, lakini majibu ya Beethoven, kwa sehemu kubwa, hayamo. Ni kama kusimama nje ya nyumba usiku na kusikia mtu mmoja tu akizungumza na mwenziwe. Maswali wayasikia, majibu yamekwenda na upepo.

Sasa twende kwa Schindler. Alizaliwa mwaka 1795 katika kijiji kiitwacho Meedl, katika nchi ya Moravia. Jina la nchi hiyo si geni kwetu, kwa maana Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, limepata jina lake huko. Mwaka 1813 Schindler alikwenda Vienna kusoma sheria, na mwaka uliofuata alionana na Beethoven mara ya kwanza. Lakini kuonana si kujuana. Kijana huyo alifanya kazi ya ukarani kwa wakili, tena alijua kupiga fidla, hata akaiacha sheria akawa mpiga fidla wa kwanza katika jumba moja la michezo. Mnamo mwaka 1822 ndipo alipoanza kuwa msaidizi wa Beethoven, pasipo mshahara.

Kazi yake ilikuwa ile ijulikanayo na kila msaidizi duniani. Aliandika barua, alitafuta watu wa kunakili muziki, aligombana na wenye majumba juu ya kodi, alipeleka salamu na kuleta majibu. Mwaka 1824, tarehe 7 Mei, Simfoni ya Tisa ilipopigwa mbele ya watu mara ya kwanza, Schindler alikuwa miongoni mwa waliotaabika ili jambo lile lifanikiwe. Usiku ule watu walipiga makofi kwa nguvu, na Beethoven, kwa sababu ya uziwi wake, hakuyasikia. Mwimbaji mmoja mwanamke, Caroline Unger, ilimbidi amgeuze ili ayaone kwa macho.

Lakini fedha zilizopatikana baada ya gharama zilikuwa chache mno kuliko alivyotumaini Beethoven. Siku chache baadaye aliwaalika wasaidizi wake kula chakula, na pale pale mezani akamshutumu Schindler ya kuwa amemdanganya katika hesabu. Hakukuwa na ushahidi wa shutuma ile. Schindler aliinuka akaondoka pamoja na wenziwe. Baadaye Beethoven alimwandikia barua, akamwambia ya kuwa ni heri amlipe kwa zawadi ndogo kwa kazi zake kuliko kumweka mezani pake. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana mwingine, Karl Holz.

Wasikilizaji, msimhukumu Schindler kabla hamjaitafakari aibu ile. Mtu ametumika bila ujira, ameacha kazi aliyoisomea, kisha mbele ya wenziwe anaitwa mwizi. Wengine wetu wangerudi kijijini kwao wasionekane tena. Schindler alirudi kwa Beethoven. Mwishoni mwa mwaka 1826 mtunzi yule alipougua, Schindler alikuja tena kumtumikia. Alimwandikia barua zilizopelekwa London, na chama cha muziki cha huko, Philharmonic Society, kikapeleka msaada wa paundi 100. Haya yote ni mema, wala haifai kuyafuta.

Beethoven alifariki tarehe 26 Machi 1827. Alipokata roho Schindler hakuwamo chumbani. Yeye na rafiki wa zamani wa marehemu, Stephan von Breuning, walikuwa wamekwenda kutafuta mahali pa kaburi. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kumbukeni ya kuwa mtu ambaye baadaye alitaka aaminiwe kama shahidi wa kila jambo, katika saa iliyo kubwa kuliko zote alikuwa makaburini, akipima udongo.

Baada ya maziko mambo yakaenda haraka. Breuning, aliyepewa amana ya mali ya marehemu, naye akafa mwezi wa Juni mwaka ule ule. Katika muda ule karatasi nyingi za Beethoven zikawa mikononi mwa Schindler, pamoja na madaftari yale ya mazungumzo. Mwenyewe alisema ya kuwa amepewa. Basi akaondoka nazo. Akafanya kazi ya kuongoza muziki katika mji wa Münster, kisha Aachen, na mwaka 1840 akatoa kitabu cha wasifu wa Beethoven. Kitabu kikasomwa sana. Mwaka 1846 maktaba ya mfalme wa Prussia, mjini Berlin, ilichukua karatasi zile, na Schindler akapewa fedha thaler 2,000, pamoja na thaler 400 kila mwaka maisha yake yote. Mwaka 1860 akatoa wasifu ule tena, umeandikwa upya na kuongezwa. Akafa mwaka 1864, mwezi wa Januari, karibu na mji wa Frankfurt.

Katika vitabu vyake Schindler alijionyesha kuwa rafiki wa ndani wa Beethoven kwa miaka mingi, na mambo yaliyotukia kabla hajawa karibu naye aliyaeleza kana kwamba alikuwapo. Lakini tukihesabu miaka ya urafiki wao kwa haki, na kutoa muda waliokosana, haifiki mitano. Mshairi Heinrich Heine alimdhihaki, akaandika ya kuwa Schindler alikuwa na kadi ya jina iliyopigwa chapa maneno ya kumtangaza kuwa ni rafiki wa Beethoven. Schindler alikana. Iwe kweli au mzaha, watu walicheka, kwa sababu iliwafanania.

Kisha akatokea Mmarekani, jina lake Alexander Wheelock Thayer. Alivuka bahari akafika Ulaya mwaka 1849, akatumia maisha yake yote kutafuta habari za Beethoven. Alisoma kitabu cha Schindler, akaona tarehe nyingine hazipatani na mambo mengine hayawezekani. Hakuridhika na ushahidi wa mtu mmoja. Alikwenda kwa wazee waliomjua mtunzi, alisoma barua, vitabu vya kanisa na hesabu za serikali, akalinganisha neno na neno. Schindler mwenyewe alikutana naye. Juzuu tatu za kazi ya Thayer zilitolewa kati ya mwaka 1866 na 1879, na tangu hapo wenye elimu walijua ya kuwa Schindler yafaa asomwe kwa tahadhari.

Hata hivyo madaftari hayakutiliwa shaka. Kitabu ni maneno ya mtu mmoja, na mtu hukosea. Lakini daftari liliandikwa siku ile ile, mbele ya Beethoven mwenyewe. Ndivyo watu walivyofikiri kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1977 wanawake wawili wenye elimu, Dagmar Beck na Grita Herre, waliokuwa wakitengeneza madaftari yale mjini Berlin ili yapigwe chapa, walitangaza jambo lililowashitua watu. Maandiko mengi yaliyo kwa mkono wa Schindler hayakuandikwa Beethoven akiwa hai. Schindler aliyatia baada ya kifo chake. Alipoona nafasi iliyoachwa wazi chini ya ukurasa au kati ya mazungumzo ya wengine, alibana humo maneno yake, kana kwamba siku ile alikuwapo, akiulizana na bwana wake juu ya muziki. Mengine aliyatia hata katika madaftari ya miaka ambayo hakuwa amezoeana naye bado.

Kwa nini alifanya hivyo? Baadhi ya maandiko hayo yalikuwa kwa faida yake katika mabishano juu ya muziki wa Beethoven. Ukitaka kujua muziki fulani upigwe upesi au polepole, ni nani wa kukuambia ila yule aliyemwuliza mwenyewe? Na mtu akisema, "Huna ushahidi," Schindler aweza kufungua daftari na kujibu, "Tazama, hapa tulisemezana." Alijitengenezea shahidi, na shahidi huyo ni marehemu.

Twaambiwa na wahenga ya kuwa njia ya mwongo ni fupi. Mimi ni mwalimu, nami nimewafundisha watoto methali hiyo mara nyingi. Lakini hesabuni wenyewe. Tangu maktaba ilipoyapokea madaftari, mwaka 1846, hata mwaka 1977, ni miaka 131. Njia ya mwongo huyu haikuwa fupi. Ilikuwa ndefu kupita maisha ya mtu awaye yote, na wengi waliitembea wakidhani ni barabara. Methali haikosi, ila labda twapaswa kuielewa hivi: njia ya mwongo huwa fupi mahali penye mtu wa kuipima.

Na hasara yake ni nini? Nitawapa mfano mmoja. Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1808, huanza na sauti nne, tatu fupi na moja ndefu. Schindler alisimulia ya kuwa Beethoven alimweleza sauti zile kuwa ni ajali ya mtu inayobisha mlangoni. Maneno hayo yameenea ulimwengu mzima. Lakini Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, alieleza ya kuwa sauti zile zilitokana na mlio wa ndege mdogo. Ni ipi iliyo kweli? Labda Schindler alisikia kweli neno lile kinywani mwa bwana wake. Labda siku ile hakudanganya. Lakini hatuwezi kumwamini, kwa sababu ametufundisha yeye mwenyewe tusimwamini. Hiyo ndiyo adhabu ya mwongo, wala si kwamba uwongo wake hukataliwa, bali hata kweli yake husimama mlangoni ikibisha, na hapana amfunguliaye.

Yafaa niseme pia upande wake wa pili. Ilisemwa kwa muda mrefu ya kuwa Schindler aliyachoma madaftari mengi, zaidi ya nusu. Katika miaka ya karibuni mwanachuo Theodore Albrecht, ambaye ameyafasiri madaftari yale, amepinga shutuma hiyo, akaonyesha ya kuwa pengine madaftari mengi kiasi hicho hayakuwako kamwe, na ya kuwa Schindler aliyahifadhi kuliko alivyoyaharibu. Hilo nalo ni la kufikiriwa. Kama si yeye, huenda karatasi zile zingalitumika kufungia jibini sokoni. Mkono ule ule uliookoa ndio ulioharibu. Twamshukuru na kumlaumu kwa pumzi moja.

Sasa, msikilizaji mmoja aliyeketi barazani kwake Kyela, akipepeta mpunga, aweza kusema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi yatuhusu nini?" Namjibu ya kuwa yatuhusu sana, kwa maana sisi nasi tuna watunzi, na watunzi wetu wengi hawakuandika.

Tazameni Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa mji ule, alikufa mnamo mwaka 1840, mwaka ule ule Schindler alipotoa kitabu chake. Mashairi yake yalikaa katika vichwa na vinywa vya watu. Aliyefanya kazi ya kuyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Yeye aliyapata kwa watu, akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyapata na kuyaelewa. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika kitabu kiitwacho Diwani ya Muyaka. Nani hulitaja jina la Mwalimu Sikujua? Wachache. Jina lake lenyewe lasema "sikujua," naye ndiye aliyetufanya tujue. Hakujiandika mwenyewe kuwa rafiki wa Muyaka. Alibeba mzigo, akautua, akaondoka.

Tazameni tena Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, katika nyumba maskini. Alitembeza vyungu vya kuuza, kama wafanyavyo mama zetu Wakisi wa Ikombe waletao vyungu vyao ng'ambo hii kwa mitumbwi. Mwaka 1911 akaingia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hata Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Kabla hajafa, mwaka 1950, mwandishi Shaaban Robert alipata habari za maisha yake, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka 1958. Shaaban Robert naye alikuwa karani, karani wa serikali. Alimpenda aliyemwandika, tena alimsifu sana. Kila asomaye ataona. Lakini hakuuficha umaskini wake wala vyungu vyake. Na kwa bahati njema hatumtegemei yeye peke yake, kwa kuwa sahani zile zimebaki, na wazee waliomsikia Siti wameulizwa baadaye na watu wengine. Penye mashahidi watatu hata sifa ya mmoja ikizidi haidhuru.

Wasikilizaji wapenzi, ningeweza kuishia hapa, nikawaaga kama mtu mwenye mikono safi. Lakini haifai kumshitaki Schindler mbele yenu nami nimeficha jambo langu.

Nilipokuwa kijana, kabla sijawa mwalimu chuoni, nilikaa likizo nyingi kwa mzee mmoja wa upande wa mto Lufilyo. Alikuwa mtunzi wa nyimbo. Nyimbo zake ziliimbwa ngomani na matangani, kutoka milimani hata pwani ya ziwa. Macho yake yalikuwa yamepofuka wala hakujua kusoma, basi nikawa mwandishi wake. Alisema, nami nikaandika katika daftari. Nilimpenda kama nimpendavyo baba yangu, nami nilimwita Tata.

Ulikuwako wimbo mmoja uliopendwa kuliko zote, wa mtu aliyechukuliwa na maji. Siku moja alinambia, "Mwanangu, huo si wangu wote. Aliuanza mvushaji mmoja aliyevusha watu kwa mtumbwi. Aliuimba akipiga kafi. Yeye alipozama, mimi nikaumalizia." Akanitajia jina la mvushaji yule.

Sikuliandika. Nilijiambia ya kuwa si jambo kubwa. Mvushaji amekufa, na mzee ndiye ajulikanaye. Nikiandika neno hili watu watasema hata nyimbo zake nyingine ni za kuazima. Basi juu ya wimbo ule nikaandika jina moja tu. Hata mzee alipofariki daftari likabaki kwangu, na kila mtu aliyetaka kujua habari zake alikuja kwangu. Nilikaribishwa kusema katika shule. Nilikuwa, naweza kusema, rafiki wa mtunzi.

Baada ya miaka akaja nyumbani kwangu mama mmoja mzee, na kikapu cha mpunga kichwani. Alitua kikapu, akapiga magoti akanisalimu, ingawa kwa umri ni mimi niliyepaswa kumwamkia. Akasema, "Mwalimu, nimesikia una kitabu cha nyimbo. Nataka kuuliza neno moja. Baba yangu yumo?"

Alikuwa binti wa mvushaji.

Nilimwambia nitatazama. Huo ulikuwa uwongo wa pili, kwa maana nilijua hayumo. Akaniachia mpunga, akaenda zake. Usiku ule nililifungua daftari. Kando ya wimbo ule palikuwa na nafasi wazi, ya kutosha jina moja na maneno machache. Nikashika kalamu, nami nikaogopa. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Schindler, nikaona ya kuwa niko mahali pale pale alipokuwa yeye: mtu aliye hai, daftari la marehemu, na nafasi tupu. Nikilibana jina katika nafasi ile, kana kwamba liliandikwa siku ile mzee aliposema, litakuwa neno la kweli lililoingia kwa njia ya uwongo. Na siku moja mtu mwenye macho makali kama Beck na Herre ataona wino si ule, akasema, "Mwalimu huyu alighushi," na jina la mvushaji litafutwa mara ya pili, na safari hii kwa haki.

Basi sikuandika katika nafasi ile. Nilifungua ukurasa mpya mwishoni, nikaandika tarehe ya usiku ule na jina langu. Nikaandika ya kuwa mzee alinambia habari hii katika mwaka fulani, nami niliiacha kwa hiari yangu, na sababu yangu ilikuwa hii na hii, na ya kuwa maneno haya nayaandika kwa kukumbuka wala si kwa kusikia leo. Kisha nikaandika jina la mvushaji. Nawaambia kweli, kuandika jina lake kulikuwa rahisi. Kuandika langu ndiko kulikonishinda hata karibu alfajiri.

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti. Kuongeza neno katika kitabu cha zamani si dhambi. Kila mtu hukumbuka jambo baadaye. Schindler angeweza kufanya vivyo hivyo. Angeweza kuandika katika karatasi yake, "Mimi Anton Schindler, leo, mwaka fulani, nakumbuka ya kuwa Beethoven alinambia neno hili." Tungemshukuru. Tungesema, "Huenda amekosea, lakini ametuambia anasimama wapi." Yeye aliificha tarehe na kukificha kivuli chake. Tofauti ya kusahihisha na kughushi ni tarehe na jina tu.

Kwa hiyo nina neno kwa wanafunzi. Likizo ikija, nendeni kwa wazee wenu na daftari. Andikeni nyimbo zao, habari za mafuriko na za njaa, majina ya waliovuka Songwe na kurudi. Lakini mwandikapo, andikeni ni nani aliyesema, na siku gani, na ni nani aliyeshika kalamu. Mkiulizwa jambo msilolisikia, semeni, "Sikulisikia." Mzee akisema neno lisilompendeza mpenzi wake, liandikeni vile vile, mtamheshimu zaidi kwa kumwacha awe mtu. Wala msitosheke na mzee mmoja. Nendeni na kwa jirani yake, na hasa kwa yule ambaye hakualikwa kusema.

Nanyi wazee, msiwanyime. Masikio ya vijana yangali mazima.

Nilimpelekea mama yule daftari lile nyumbani kwake, ng'ambo ya mto. Nilimsomea ukurasa wote, pamoja na kosa langu. Alinyamaza kitambo. Hakunambia nimefanya vema, wala hakunilaumu. Yeye hakujua kusoma, basi aliniomba nimwonyeshe mahali jina la baba yake linapoanzia na mahali linapokomea. Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake juu ya wino, akakipitisha polepole toka herufi ya kwanza hata ya mwisho, kisha akarudi mwanzo, akakipitisha tena.